Rangi Ilishapikwa Mlimani

Sonara wa enameli hujitengenezea rangi. Husaga kioo kikawa unga, akautandaza juu ya fedha au shaba, kisha akautia tanurini kwenye joto la nyuzi 750 hadi 850 hivi. Kobalti humpa buluu, shaba humpa kijani. Siku hizi wapo wanaoitoa kazi mapema kwa makusudi, unga umeshikana lakini haujayeyuka wote, uso ukabaki na chembechembe kama sukari. Napenda ujeuri huo.

Huku Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, na kusini zaidi huko Mahenge, rangi ilishapikwa. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mawe ya chokaa yalizama ardhini, yakabanwa na kuokwa hadi yakawa marumaru, na humo zikaota rubi na spineli. Wekundu wa vito hivyo hutokana hasa na kromu kidogo sana. Mkataji wa vito basi hana cha kuongeza. Kazi yake yote ni uso.

Huanza kwa kutazama tu, tena kwa muda mrefu. Hulilowesha jiwe, huligeuza kwenye mwanga, hutafuta nyufa. Rubi ina hila: upande mmoja nyekundu imekolea, ukiigeuza inaingia uchungwa, kwa hiyo uso wa juu lazima upangwe kabla ya kugusa mashine. Spineli ni ileile popote uitazamapo.

Kisha jiwe hugandishwa kwenye kijiti na kushushwa juu ya sahani inayozunguka, yenye vumbi la almasi. Hapo pembe ndiyo mwamuzi. Nyuso za chini za spineli zikilala chini ya nyuzi 36 hivi, mwanga unaoingia kwa juu hutokea chini, na katikati ya kito hubaki dirisha lililopauka. Zikisimama zaidi kidogo, mwanga hugonga ukuta mmoja, ukavuka hadi wa pili, ukarudi jichoni. Mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito huishia kuwa vumbi. Ndiyo maana wengine huliachia jiwe tumbo nene, lisome vizuri kwenye mizani. Ni uchoyo, na jicho huuona.

Mwaka 2007 Epanko, karibu na Mahenge, zilitoka spineli kubwa ajabu, moja ikitajwa kuwa na kilo 52. Tangu hapo pinki iliyowaka ya Mahenge inajulikana kwa wanunuzi wa dunia nzima, ingawa mawe mengi yalikwenda kukatwa Thailand. Ukataji hufundishwa Arusha pia, kwenye Kituo cha Jemolojia Tanzania.

Ila mimi huvutiwa zaidi na rubi za Matombo zenye ukungu. Kuzichonga nyuso ndogondogo ni kuzionea. Fundi mwenye busara huzipa mgongo wa mviringo, akabadilisha vumbi kutoka la kukwaruza hadi laini kabisa, na kwa jiwe la ugumu wa 9 hilo haliharakishwi. Mgongo hauna kona za kufichia kosa. Mkwaruzo mmoja tu hukata mstari wa mwanga.

Sonara akitaka enameli na rubi kwenye pete moja, enameli hutangulia, kila tabaka na moto wake. Jiwe huja mwisho, pete ikiwa baridi, kucha za dhahabu zikikunjwa polepole, kwa sababu enameli iliyo pembeni ni kioo na hubanduka kwa msukumo mdogo.