Carmageddon: gari inatengenezeka, mtu je?

Carmageddon ilipotoka mwaka 1997, bodi ya Uingereza inayokagua filamu, na wakati huo gemu pia, ilikataa kuipa cheti. Waenda kwa miguu wakageuzwa mazombi wenye damu ya kijani, ndipo ikauzwa. Kelele zote zilikuwa juu ya damu. Mimi tatizo naliona kwenye fizikia.

Kwenye magari wamefanya kazi nzuri: bodi inabonyea palepale ilipogongwa. Lakini bonyeza kitufe, gari inanyooka kama mpya. Na ukimgonga mtu, unaongezewa sekunde za kuendelea na mbio, basi.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 50 kwa saa ni kasi ileile anayotua nayo mtu aliyeanguka kutoka mita 10, yaani kileleni mwa mkarafuu. Hapa Kizimbani nani wa kuelezwa maana ya kuanguka mkarafuuni? Na ukizidisha kasi mara mbili, kimo kinazidi mara nne: mita 40. Mnazi mrefu haufiki huko.

Bodi ilibadilishiwa rangi ya damu, hesabu ikabaki vilevile. Gemu ni tamu, chezeni. Ila ukipanda vespa kurudi nyumbani, kitufe kile hakipo.