Uchachu wa Mtindi, Uchachu wa Siki

Mtu akionja pombe ya kienyeji akakuta ni chachu, mara nyingi huisukuma kando na kusema imeharibika. Asiwe na haraka. Pombe ya mtama na ya ndizi bila uchachu ni uji au maji ya matunda tu. La kuuliza ni uchachu upi umeingia kikombeni.

Hapa Dzaleka tuna bahati ya kujifunza. Tangu kambi yetu ya wakimbizi ifunguliwe wilayani Dowa mwaka 1994, kila aliyekuja amekuja na mapishi ya kwao: Warundi urwarwa ya ndizi na impeke ya mtama, Wanyarwanda urwagwa, Wakongo wa Kivu kasiksi, hizi mbili nazo za ndizi. Wenyeji wetu Wamalawi wana masese ya nafaka, na kuanzia hapa hadi Lilongwe kuna Chibuku ya paketi.

Kwanza fundisha pua. Weka mezani vikombe viwili: kimoja cha chambiko, yaani mtindi wa hapa Malawi, kingine cha maji yenye kijiko cha siki. Nusa, onja, rudia. Uchachu wa chambiko ni mpole. Unakaa pembeni mwa ulimi, unaleta mate, kisha unakwisha taratibu. Siki inapanda puani kabla hujameza na inakwaruza koo. Hizo ni asidi mbili, kazi ya vijidudu tofauti. Vya mtindi havihitaji hewa. Vya siki vinaitaka, na chakula chao ni kilevi chenyewe. Basi pombe inayonuka siki inakusimulia habari za chombo chake: kiliachwa wazi, au kilikaa nusu tupu siku nyingi.

Pili, jifunze siku. Chibuku ni mwalimu wa bei nafuu, kwa kuwa inaendelea kuchachuka ndani ya paketi. Nunua tatu za tarehe moja, zilizotoka kiwandani karibuni, uziweke kivulini. Chini ya bati la mwezi wa kumi pombe hukimbia kuliko kalenda. Fungua ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu siku ya tano. Tikisa kabla ya kufungua, maana unga hutuama. Ya kwanza ni nzito na tamu, bado inanukia uji. Katika ya pili utamu umeshuka, gesi inatekenya ulimi, nafaka na uchachu vimekaa sawa. Ya tatu imekuwa nyepesi na kali. Mimi nashika ya pili, lakini wazee wengi wanangojea ya tatu, na hawajakosea: hiyo ni ladha, wala si kasoro.

Tatu, ijue njia ya mpishi. Kwa urwarwa, ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa majani, maji yake huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa ili uamshe chachu. Kwa hiyo tafuta vitu vitatu kwa mpangilio: harufu ya ndizi mbivu, moshi kidogo wa mtama, na uchachu mwishoni. Ikiwa utamu unagusa ncha ya ulimi na kutoweka ghafla, bila ndizi nyuma yake, shuku sukari. Ikiacha ukakasi kwenye meno, ndizi zilikamuliwa kabla ya kuiva. Kwa impeke, usinyonye juu. Zamisha mrija upite makapi yanayoelea. Na mwenyeji aonje kwanza, kama desturi ya kwetu inavyotaka.

Ubelgiji, karibu na Brussels, kuna pombe inayoitwa lambic inayohukumiwa kwa kipimo hikihiki cha uchachu. Maji ya shayiri na ngano yaliyochemshwa huachwa usiku kucha katika sinia pana lililo wazi, chachu ya hewani iingie yenyewe. Kisha hulala kwenye mapipa, pengine miaka mitatu. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, kinafanya hivyo hadi leo. Ajabu ni kwamba Wabelgiji waliotutawala hawakutuletea pombe hiyo. Kiwanda walichoanzisha Léopoldville mwaka 1923 kilitupa Primus, bia angavu ya chupa, na tukazoea kudhani bia bora ni ile inayopitisha mwanga. Kumbe kule kwao walibaki na pombe chachu, kama sisi na mitungi yetu, na wanaionja kwa heshima.

Heshima hiyo tuipeleke kwa mama anayepika jirani. Usimwambie tu kwamba pombe yake ni nzuri. Mwambie: mama, ile ya siku ya tatu ilikuwa chachu kama mtindi, na ndizi ilisikika hadi mwisho. Atajua siku ile aliufunika mtungi vipi, na wiki ijayo ataufunika vilevile.