Vitabu vya Karata za Lenormand: Tuvipime kwa Kipimo Gani?



Vitabu vya kufundisha kusoma karata za Lenormand si haba siku hizi. Katika miaka ya 2013 na 2014 peke yake vilitoka vitatu vinavyojulikana sana: Learning Lenormand cha Marcus Katz na Tali Goodwin, The Essential Lenormand cha Rana George, na The Complete Lenormand Oracle Handbook cha Caitlín Matthews. Vinauzwa Ulaya na Marekani, na mwenye simu aweza kuvipata hata akiwa mbali na huko.

Wengine watasema: Kitabu cha uaguzi, Mkristu ana kazi gani nacho? Asikiguse, basi. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kijana akikatazwa kitabu bila kuelezwa kosa lake, atakifungua usiku. Afadhali sisi tukifungue mchana, tukipime kama tunavyopima kitabu cho chote: Chasema kweli? Chafundisha vema jambo kinaloahidi? Na mwenye kukifuata atafikishwa wapi?

Karata zenyewe ni 36. Kila moja ina namba na picha: mpanda farasi ni 1, merikebu 3, nyumba 4, jeneza 8, mbweha 14, dubu 15, mbwa 18, moyo 24, nanga 35, msalaba 36. Bwana ni 28 na bibi ni 29. Msomaji wa karata huzipanga mezani, kisha hutazama ipi imekaa karibu na ipi.

Kipimo cha kwanza: kitabu kiseme kweli juu ya asili ya karata.

Jina la Lenormand ni la Marie Anne Lenormand, mwanamke wa Alençon huko Ufaransa, aliyekuwa mpiga ramli mashuhuri mjini Paris na kufa mwaka 1843. Aliandika vitabu vingi vya kujisifu. Kimoja cha mwaka 1820 chahusu Josephine, mke wa Napoleon. Mwaka 1821 alishtakiwa na kufungwa Ubelgiji, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya mfalme wa Uholanzi, na mwaka 1822 akatoa kitabu juu ya taabu zake za huko. Lakini hakuna ushahidi kwamba alizitumia karata hizi 36. Jina lake lilibandikwa juu yake baada ya yeye kufa, kama mfanya biashara anavyobandika jina kubwa juu ya bidhaa ya mtu mwingine.

Zilitoka wapi basi? Zilitoka Nuremberg, Ujerumani. Mwishoni mwa karne ya 18 Johann Kaspar Hechtel alitunga mchezo wa mezani ulioitwa Das Spiel der Hoffnung, yaani Mchezo wa Matumaini. Karata 36 zilipangwa safu sita za sita, wachezaji wakatupa dadu mbili na kusogea kwa hesabu ya dadu. Aliyeangukia merikebu alichukuliwa mpaka namba 12, penye ndege. Aliyeangukia nyumba alilipa. Aliyeangukia jeneza alihesabiwa kuwa maiti mpaka mwenzake aje hapo, au yeye mwenyewe atupe dadu zenye namba sawa. Aliyefika kwenye nanga alishinda na kuzoa fedha zote. Nanga ni alama ya matumaini kwa Wakristu tangu zamani. Ndiyo sababu ya jina la mchezo.

Tena maelezo ya mchezo huo yaliongeza jambo moja. Karata zaweza kupangwa safu nne za nane, na nne za mwisho chini yake, halafu watu waliokaa watunge hadithi ya kuchekesha kuanzia kwa bwana au bibi. Msomaji, shika neno hili: hadithi ya kuchekesha. Mpango ule ule wa safu hufundishwa hata leo kwa kusoma maisha ya mtu, ila kicheko kimeondolewa.

Kwa kipimo hiki, kitabu cha Matthews na kile cha Katz na Goodwin vyastahili sifa, maana havifichi habari za Hechtel. Kitabu kinachoanza na siri za kale za Misri, au kinachosema karata hizi zilitoka mikononi mwa bibi Lenormand mwenyewe, kifunge. Mwalimu anayekudanganya katika ukurasa wa kwanza, kwa nini umsadiki katika ukurasa wa mia?

Kipimo cha pili: kitabu kifundishe kuunganisha.

Karata hizi hazisomwi moja moja. Zasomwa mbili mbili na tatu tatu, kama maneno katika sentensi: ya kwanza yataja kitu, ya pili yakieleza. Barua pamoja na moyo ni barua ya mapenzi. Barua pamoja na jeneza ni habari ya kufa au ya jambo lililokwisha. Karata 36 zatoa jozi 1260 ukifuata mpangilio wa mbele na nyuma. Vitabu vingine vyajaza kurasa kwa orodha ya jozi hizo. Hiyo ni kamusi bila sarufi: mwanafunzi akariri maneno, asijue kusema. Kitabu chema chaeleza kanuni, chatoa mifano michache, kisha chamwacha mwanafunzi ajaribu.

Hapa twakutana na shida kubwa. Mashule ya karata hayapatani. Kwa wengine mbweha ni mtu mwerevu wa hila, kwa wengine ni kazi ya mtu. Dubu ni mkubwa wa kazi, au ni mama, au ni fedha. Nanga ni kazi kwa hawa, na uthabiti kwa wale. Kitabu cha haki humwambia msomaji tangu mwanzo: Mimi nafuata shule fulani. Kitabu kisichosema hivyo humfanya adhani kwamba maana hizo zimeanguka kutoka mbinguni.

Kipimo cha tatu, ndicho kikubwa: kitabu kikubali kwamba chaweza kukosa.

Fikiri mtu aliyepotewa na fedha. Apanga karata, aona mbweha amekaa kando ya mbwa, na mbwa ni rafiki. Akiwa na kitabu cha shule moja, asoma: Rafiki yako ni mdanganyifu. Akiwa na kitabu cha shule nyingine, asoma: Rafiki yako ni mwenzako wa kazi. Karata ni zile zile, meza ni ile ile. Urafiki wa miaka ishirini wasimama au waanguka kwa sababu ya kitabu alichokuta dukani! Na mwandishi wa kitabu hatakuja kuwapatanisha.

Sisi tunalijua jambo hili bila karata. Tunajua nyumba ambamo neno moja la mfumu lilimtenga mama mkwe, au mtoto, wala hakuna aliyeweza kulipinga, maana halikuwa na mahali pa kulipimia. Wazungu walichora jeneza na mbweha juu ya karatasi nzuri. Jeraha ni lile lile.

Vitabu vingi vyamshauri mwanafunzi awe na daftari. Shauri hilo ni jema, likifuatwa kwa haki: andika neno kabla ya jambo kutokea, weka tarehe, kisha hesabu yaliyotimia na yasiyotimia pia. Lakini mara nyingi yaliyotimia husimuliwa, na yasiyotimia huitwa makosa ya mwanafunzi. Hivyo karata hazishindwi kamwe. Kitu kisichoweza kushindwa hakiwezi kushuhudia kweli.

Basi, mtu akikuuliza: Nichague kitabu gani? Mjibu: Chagua kile kinachokueleza Nuremberg, kinachotaja shule yake, kisichokuahidi kujua moyo wa jirani. Nacho kitumie kama kitabu cha historia ya mchezo na ya picha. Watoto wakitaka, wachore karata 36, watafute dadu mbili, wacheze mbio mpaka kwenye nanga. Hapo wataitumia kazi ya Hechtel kwa namna aliyoitunga yeye.

Lakini usipange karata kwa ajili ya mgonjwa, wala ya mchumba, wala ya fedha iliyopotea. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2116, yakataa uaguzi wa namna zote, na sababu yake yafaa kukumbukwa: ndani ya uaguzi mna tamaa ya kushika mamlaka juu ya wakati na juu ya watu wengine. Mgonjwa, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Fedha, zihesabiwe upya mbele ya mashahidi. Rafiki unayemshuku, nenda ukamwulize uso kwa uso. Yeye aweza kujibu, karata haiwezi.