Dhahabu Isiyochimbwa: Historia ya Aila katika The Fortunes of Richard Mahony

Riwaya ya Henry Handel Richardson, The Fortunes of Richard Mahony, ilitoka kwa sehemu tatu: Australia Felix (1917), The Way Home (1925) na Ultima Thule (1929), kisha ikachapishwa katika juzuu moja mwaka 1930. Jina la mwandishi ni la kiume na la kubuni. Mwenyewe alikuwa mwanamke, Ethel Florence Lindesay Richardson, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1870 na kufariki Uingereza mwaka 1946. Uhakiki mwingi umeichukua kazi hii kuwa tanzia ya mtu mmoja: tabibu wa Kiayalandi mwenye nafsi isiyotulia, anayepata mali, anaipoteza, kisha anapotewa na akili. Usomaji huo hauna kosa katika lile unaloliona. Kasoro yake ni lile unaloliacha. Nyuma ya tanzia ya Mahony kuna historia ya aila nzima iliyojengwa juu ya dhahabu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeichimba kwa jembe lake na kufaidi, na historia hiyo ndiyo inayoipa riwaya uzito ambao anguko la mtu mmoja lisingeweza kuubeba.

Mandhari ya sehemu ya kwanza ni Ballarat, katika koloni la Victoria, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1851. Wageni walimiminika kwa kasi ambayo hakuna utawala ungaliweza kuihimili. Idadi ya watu katika koloni hilo, iliyokuwa takriban 77,000 mwaka 1851, ilipita 500,000 katika muda wa miaka kumi. Serikali iliwatoza wachimbaji ada ya leseni ya shilingi 30 kwa mwezi, apate mtu asipate. Manung'uniko yaliyotokana na ada hiyo, na namna askari walivyowawinda wasiokuwa na leseni, ndiyo yaliyozaa mapambano ya boma la Eureka tarehe 3 Desemba 1854, ambamo wachimbaji zaidi ya 20 waliuawa. Mwandishi asiyekuwa na uwezo angalilitumia tukio hilo kuwa kilele cha kitabu. Richardson analiweka pembeni. Mahony hayumo bomani. Anakutana na vita hivyo kama tabibu, rafiki yake wa utotoni, Purdy Smith, anapoletwa na jeraha. Kinachochukuliwa na vitabu vya historia kuwa mwanzo wa demokrasia ya Australia, ndani ya riwaya ni mguu unaovuja damu na mtu mmoja anayesitasita kuichukua upya kazi aliyoisomea.

Huko kusitasita ndiko kiini cha mhusika huyu. Mahony alihitimu utabibu Edinburgh, lakini msomaji anapokutana naye mara ya kwanza ni mwenye duka machimboni, anauza majembe, sukari na mishumaa. Alikuja kuchimba, akashindwa, akageukia biashara. Wapo wahakiki wanaoliona duka hilo kuwa kipindi cha mpito tu. Ni zaidi ya hapo. Kwa kumweka shujaa wake nyuma ya meza ya duka badala ya ndani ya shimo, Richardson anaeleza jinsi mji wa dhahabu unavyofanya kazi. Dhahabu ya Ballarat haikudumu juu juu kwa muda mrefu. Ilibidi ifuatwe chini ya tabaka za udongo na mwamba, katika mashimo marefu yaliyohitaji vikundi, mbao za kuegemeza kuta, na hatimaye mitambo na mitaji ya makampuni. Mchimbaji wa pekee alipogeuka kibarua, faida iliwaendea wauza bidhaa, mawakili na wenye hisa. Aila ya Mahony inapitia ngazi hizo moja baada ya nyingine: duka, kisha utabibu, kisha hisa za migodi ambayo Mahony haingii ndani yake. Utajiri unaokuja kwa karatasi unaondoka kwa karatasi. Wilding, wakala aliyekabidhiwa mali yote, anapotoroka, familia iko safarini Ulaya na habari inawafikia Venice. Hakuna wizi unaoonekana, hakuna mlango uliovunjwa. Pametokea barua tu.

Dibaji ya Australia Felix inapaswa kusomwa pamoja na karatasi hizo. Kitabu kinaanza na mchimbaji aliyefukiwa hai shimoni, na mwenzake mzee anayemlilia, mtu aliyekuwa mwashaji taa katika mitaa ya London. Kifo hicho hakina uhusiano wa moja kwa moja na ploti. Marehemu hatajwi tena kwa maana yoyote. Lakini kimewekwa mlangoni pa riwaya kama ilani. Ardhi imemeza mwili. Mwishoni mwa juzuu ya tatu itameza mwingine, na baina ya miili hiyo miwili zinapita zaidi ya robo karne na maelfu ya pauni.

Mtu anayezifahamu pauni hizo ni Mary Turnham. Mahony anamwoa akiwa msichana wa miaka 16 hivi, anamtoa katika hoteli ya familia ya Beamish karibu na Geelong, alikokuwa akifanya kazi, na anamleta machimboni. Anaitwa Polly, jina la utani, mpaka mume anapoliona halimfai tena bibi mwenye hadhi. Kugeuza jina ni jambo dogo ambalo msomaji anaweza kulipita, lakini ndilo tendo la kwanza la umiliki katika ndoa hii: mume anampa mkewe jina la kitabuni, kisha anasahau kumwuliza anafikiri nini. Kinaya ni kwamba Polly ndiye anayefikiri. Duka linapodidimia ni yeye anayemsukuma mumewe airudie taaluma yake. Wagonjwa wasiolipa, gharama ya farasi na gari, mshahara wa mtumishi, yote yamo kichwani mwake, ilhali Mahony anasoma falsafa na anakereka anapoulizwa habari ya ankara.

Fauka ya hayo, Mary haji peke yake. Nyuma yake kuna Turnham wote: John, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Melbourne, ambaye mkewe anafariki na kuacha watoto; Ned asiyeweza kukaa na kazi; Zara mwenye madaha. Bintiye John analelewa katika nyumba ya Ballarat. Tilly Beamish anaolewa na mzee Ocock, baba wa wakili aliyekuwa akimshughulikia Mahony, na baadaye, akiwa mjane mwenye mali, na Purdy. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mtandao huu haushangazi. Ni jamaa, kwa maana kamili ya neno hilo, wanaolana, kulelea na kukopeshana. Wahakiki waliokulia katika desturi ya riwaya ya nafsi moja wameuona kuwa mzigo wa visa vya pembeni vinavyochelewesha hadithi ya shujaa. Maoni hayo yanageuza kichwa kuwa miguu. Mahony ana dada wanaomsubiri Ireland na anawatumia pesa kwa kiburi kuliko kwa upendo. Hana mtu mwingine. Katika mji ambao kila mtu amekuja jana, Mary ndiye anayeunda ukoo mahali pasipokuwa na ukoo, na anafanya hivyo kwa sahani za chakula na vitanda vya ziada. Kila Mahony anapoamua kuhama, na anaamua mara nyingi mno, anaukata mtandao huo kwa kisu bila kujua kwamba ndio mtaji pekee wa familia ambao Wilding asingeweza kuuiba.

Juzuu ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote. Sehemu za Uingereza, ambako Mahony anarudi akitarajia kupokewa na kukuta amekuwa mtu wa makoloni, zina ukali wa kejeli, lakini kurasa za Melbourne za ukwasi na mikutano ya kuita mizimu zinarefushwa kupita haja. Jambo moja la juzuu hiyo halina budi kushikwa: nyumba kubwa ya Melbourne inaitwa Ultima Thule, jina la Kilatini la nchi ya mwisho wa dunia, na mwenye nyumba analichagua kwa furaha, akidhani amefika. Jina hilohilo ndilo kichwa cha juzuu ya ufukara.

Ultima Thule ilichapishwa kwa gharama ya mume wa mwandishi, J. G. Robertson, profesa wa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha London, baada ya juzuu mbili za kwanza kutouzwa vizuri. Ni kitabu hiki kilichomletea mwandishi sifa. Humo Mahony, akiwa amepita umri wa kuanza upya, anaanza upya: anajenga nyumba asiyoweza kuilipia, anahamia Barambogie, mji wa machimbo uliokwisha nguvu, na huko anakufa Lallie, mmoja wa mapacha wake. Inafaa kutanabahi mpangilio huu. Aila iliyopanda pamoja na mji mchanga wa dhahabu inaporomokea katika mji mkongwe wa dhahabu, kana kwamba mwandishi ameionyesha Ballarat yenyewe itakavyokuwa siku zake zikipita. Baada ya hapo akili ya Mahony inaanza kuyeyuka. Mary anajifunza kazi ya posta na telegrafu, anapewa ofisi katika kijiji cha Gymgurra, na anawalisha watoto kwa mshahara wake.

Hapa riwaya inagusa maisha ya mwandishi kwa karibu sana. Baba yake, Walter Lindesay Richardson, alikuwa tabibu aliyesomea Edinburgh, akafungua duka Ballarat, akatajirika kwa hisa, akafilisika, akapoteza akili na kufariki mwaka 1879. Mama yake aliendesha posta ya Koroit, kisha ya Maldon. Mwandishi alikuwa mtoto wa miaka 9 baba alipofariki. Hata hivyo, kuihesabu riwaya kuwa wasifu ni kuikosea, na ushahidi umo katika mtoto anayeitwa Cuffy. Richardson walikuwa mabinti wawili. Katika riwaya wamekuwa mvulana mmoja na mapacha wasichana, na ni kupitia macho ya mvulana huyo ndipo sehemu kubwa ya anguko inasimuliwa. Mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la kiume amejificha tena nyuma ya mtoto wa kiume. Umbali huo haukumlinda na uchungu. Ulimpa nafasi ya kuutaja. Cuffy anamwonea haya baba yake. Anapotakiwa kutembea naye barabarani, mzee akiwa anaburura miguu na kusema peke yake, mtoto anaomba asionekane. Ni binti gani angaliyaandika hayo juu ya baba yake kwa nafsi ya kwanza? Kurasa hizo ni miongoni mwa zilizo bora katika riwaya ya Kiingereza ya karne ya 20, na ubora wake ni kwamba hazimsamehe mtoto wala kumhukumu.

Mary naye, aliyekuwa akitii, anamtoa mumewe kwa nguvu katika hifadhi ya wendawazimu alikokuwa akiteswa, na kumrudisha nyumbani, nyuma ya ofisi ya posta. Mkono wa wakili Ocock unahusika katika kupata ruhusa. Kwa hiyo mtandao wa Ballarat uliokatwakatwa kwa miaka yote hiyo ulikuwa bado na uzi mmoja.

Lipo pengo ambalo sifa hizi zote haziliondoi. Ardhi ya Ballarat ilikuwa ya Wathaurong kabla ya kuwa ya leseni na hisa. Katika juzuu tatu zenye mamia ya kurasa, wenyeji hao karibu hawaonekani. Badala yao, mwishoni mwa dibaji, imewekwa jazanda ya nchi yenyewe kama dubwana la kike la kale, linalowatazama wageni waliokuja kulipora na kuwashika mateka. Taswira hiyo imesifiwa mno. Lakini inafanya kazi ya kuficha. Penye mdai wa kweli, aliye hai, mwenye jina na makaburi, riwaya imeweka mdai wa kubuni asiyeweza kwenda mahakamani. Hatia ya uporaji imekiriwa na wakati huohuo imegeuzwa ushairi.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kulishikilia jambo hili. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitwaliwa kutoka maeneo waliyotengewa Waafrika, ardhi nyingine itolewe badala yake. Mwishoni mwa mwaka 1932 ahadi hiyo ilibadilishwa ili wachimbaji wapite. Huko hakukuwa na dubwana. Kulikuwa na familia zenye mashamba na migomba. Peter Abrahams, katika Mine Boy (1946), aliandika mji wa dhahabu wa Johannesburg kutoka upande huo wa pili, na matokeo yake ni kwamba hana historia ya aila ya kuandika: Xuma anafika peke yake, na nyumba inayompokea ni ya Leah, muuza pombe, ambamo wanaishi watu wasiokuwa na damu moja mpaka polisi wanapomtia Leah gerezani. Mfumo wa vibarua wa Rand uliwaita wanaume na kuziacha familia mashambani. Mary Mahony aliweza kujenga ukoo machimboni kwa sababu sheria ilimruhusu kuwapo. Leah alijenga chake kinyume cha sheria. Vitabu hivi viwili vinapaswa kufundishwa pamoja, jambo ambalo idara nyingi za fasihi hazijalifanya, kwa kuwa kimoja kimewekwa katika rafu ya makoloni ya wazungu na kingine katika rafu ya Afrika.

Ukurasa wa mwisho wa Ultima Thule unampeleka Mahony kaburini kando ya bahari. Kaburi linasawazika na muda, alama zinapotea, na ardhi aliyoichukia maisha yake yote inauchukua mwili wake kuwa sehemu yake. Wahakiki wameuita mwisho huo upatanisho. Ni upatanisho wa upande mmoja: mgeni anapewa na mwandishi uenyeji wa udongo, na wale waliokuwa na uenyeji huo kabla yake hawaitwi hata kushuhudia maziko.