Jiwe la Michembe

Mchembe uliokauka sawasawa haupindi. Unaushika ncha mbili, unaukunja, nao unavunjika papo hapo kwa sauti kavu, kama kijiti kinachokanyagwa porini wakati wa kiangazi. Ukipinda kidogo ndipo ukavunjika, bado haujafika, urudishe juani. Ukipinda tu bila kuvunjika, basi mchana kutwa ulikuwa unawaza mambo mengine. Bibi yangu hakuwa na kipimo kingine. Aliuvunjia karibu na sikio, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri za mwisho.

Sisi watu wa Shinyanga tumesifiwa kwa ng'ombe, tumesifiwa kwa pamba, na tangu Williamson alipoipata almasi ya Mwadui mwaka 1940, tumesifiwa kwa mawe yanayong'aa. Kwa kukata viazi hatujasifiwa na mtu. Nataka nianze mimi.

Kwa msomaji wa mbali: michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa, vinaitwa matobolwa. Mtu wa pwani anayejua makopa ya muhogo ameshapata picha, ila asimwambie Msukuma kwamba ni kitu kimoja.

Kazi yenyewe huanza kwa kulazimishwa. Mvua zikishakatika mwezi wa tano, matuta hukauka, na udongo ukikauka hupasuka. Katika nyufa hizo fukusi hushuka mpaka kwenye kiazi, na kiazi alichokiingia fukusi huwa kichungu, hakiliki. Kwa hiyo huwezi kuviacha viazi ardhini uvichimbe kidogo kidogo kwa raha zako. Ukivichimba vyote kwa pamoja navyo havikai. Baada ya majuma machache vinaanza kuoza. Na kalenda haina huruma, kwa sababu ni miezi hiyohiyo pamba inapochumwa na kila mkono wa nyumba una kazi. Bibi alikuwa akirudi kutoka kwenye pamba saa nne, ananawa, anakaa kwenye kigoda chake kando ya jiwe, anaanza kukata.

Jiwe hilo ni mwamba mpana, wa kijivu, umelala nyuma ya nyumba kama mgongo wa kiboko. Usukuma wote umejaa mawe ya namna hiyo, na wageni huyapiga picha. Sisi tulianika vyakula juu yake. Mwamba unameza joto mchana kutwa na kulishikilia hata jua likishazama, kwa hiyo kipande cha kiazi kilichokaa juu yake kinakaushwa na upepo juu na jiwe chini. Bati halifanyi hivyo. Linachoma mchana, jioni limepoa.

Viazi vilivyochimbwa leo havikatwi leo. Huachwa vinyauke kwanza. Kisha humenywa, na utomvu wake mweupe huganda mikononi, unageuka mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Mwezi wa sita ungemjua mwanamke aliyekuwa kwenye michembe kwa kuangalia vidole vyake tu. Wapita njia walimwamkia bibi, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. Haikuwa jeuri. Kila kipande kilitakiwa kiwe na unene uleule wa mwenzake, na unene huo hukuupata kwa kuangalia, uliupata kwa kidole gumba kilichotangulia mbele ya kisu.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo ya mwezi wa sita, nilipopewa kazi ya kulinda jiwe. Kulinda jiwe si kazi, nilidhani. Nilikaa kwenye kivuli cha mwembe nikitengeneza gari la waya, na usukani wake ulinishinda, na niliposhinda usukani nikainua macho, mbuzi wanne walikuwa juu ya jiwe. Nusu ya michembe ilikwishaliwa. Nusu nyingine ilikuwa imekanyagwa na kufanyiwa mambo ambayo mbuzi hawayaombei ruhusa.

Bibi hakunipiga. Alinipa kisu. Aliniwekea debe zima la viazi vilivyonyauka, akakaa mbele yangu na debe lake. Vipande vyangu vya kwanza vilikuwa vinene upande mmoja na vyembamba kama karatasi upande wa pili. Alivichukua vile vinene, akavitenga, bila kusema kitu. Siku ya nne tulipovunja ya kwake, ilitoa ile sauti. Vyangu vilikuwa vikavu nje, ndani laini kama mkate. Hapo ndipo aliponieleza: kimoja cha hivi kikiingia kwenye kihenge, kinavuta ukungu, na ukungu hauulizi nani alikata vizuri. Kihenge kizima kinaharibika kwa uvivu wa kipande kimoja.

Sikumbuki kama nilijifunza kuwa makini siku ile. Ninachokumbuka ni kwamba kufikia debe la tatu nilikuwa nimesahau gari la waya. Nilisikia kisu, nikasikia njiwa, nikasikia jiwe linavyotoa mlio mdogo linapopata joto. Siku hizi watu hulipa fedha wafundishwe kukaa mahali walipo. Mimi nilifundishwa na viazi, bure, na hasara ya mbuzi juu yake.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Geita. Nilipata kibarua cha kuandika daftari kwenye karasha moja, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Nyarugusu: viroba vya mawe vya nani vimeingia, vimesagwa saa ngapi, ana deni gani. Mama alinifungia michembe kwenye mfuko wa salfeti. Usiku niliichemsha kwenye jiko la mkaa, nikaitia karanga zilizotwangwa. Wenzangu kutoka Bukoba walicheka chakula changu siku mbili. Siku ya tatu walileta sahani.

Huko niliona kungoja kwa namna nyingine. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anashusha vijana chini, anapiga matimba ya kushikilia kuta, anakopa ya chakula, anakopa ya dizeli, na mwamba wenye dhahabu haujatokea. Anangoja. Niliwajua watu waliouza ng'ombe wa baba zao ili kushusha duara futi chache zaidi. Mchana walicheza drafti kwenye kibanda, na ungewauliza jana ilikuwaje wasingekuwa na la kukuambia, kwa sababu kwao siku iliyokuwa na maana ilikuwa moja tu, nayo haijafika. Zali, yaani bahati, likishuka. Kila sentensi ilianza hivyo: zali likishuka nitajenga, zali likishuka nitaoa, zali likishuka nitarudi nyumbani.

Siwadharau. Baadhi yao zali liliwashukia kweli, na wamejenga. Wala sisemi kwamba dhahabu haina ufundi. Penye mwalo, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa, palikuwa na mzee mmoja muoshaji ambaye, mara ya kwanza nilipomwona, nilimkumbuka bibi mpaka nikaona aibu. Alimimina tope taratibu juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye mteremko, akisikiliza maji. Dhahabu ni nzito mara kumi na tisa kuliko maji, na mawe ya kawaida hayafiki hata mara tatu, kwa hiyo ukiyapa maji mwendo unaofaa, mchanga unaondoka na dhahabu inabaki kwenye nyuzi za gunia. Ukiyaharakisha, vyote vinaondoka. Mzee yule alikuwa anangoja kama wengine wote pale, lakini mikono yake ilikuwa ndani ya kungoja kwake. Nilihuzunika nilipomwona jioni akikamua zebaki ya kukamatia dhahabu kwa mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza sumu hiyo, lakini mkataba ni kitu kimoja, na vidole vya mzee ni kitu kingine.

Basi ugomvi wangu hauko kwenye dhahabu. Uko kwenye ile namna ya kungoja inayoiweka siku ya leo rehani. Anayekausha michembe pia anangoja, tena anangoja jua ambalo hana amri nalo. Lakini saa sita lazima ageuze vipande. Wingu likipita lazima aangalie lina nini. Jioni, kabla ya umande, lazima aanue vyote, na asubuhi avianike upya kimoja kimoja. Hana nafasi ya kuidharau hata saa moja, kwa sababu kila saa ina kazi yake.

Naona Usukuma wa wazee wetu ulijengwa juu ya kungoja kwa aina hii. Ngitili ni nini kama si hivyo? Unalifunga eneo la malisho mvua zinapoanza, nyasi zinakua mbele ya macho yako na ng'ombe wako wanaziangalia kwa uchungu, na hufungui mpaka kiangazi kikaze. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa ajili ya kumaliza mbung'o na kupanua pamba, mpaka watu wakaanza kuuita mkoa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipata mafanikio pale ulipoacha kuwafundisha watu na kuwauliza wazee walikuwa wanafanyaje. Malaki ya hekta yalirudi kuwa na miti, mengi kwa kuifunga tu ardhi na kuilinda. Kulinda, nilidhani zamani, si kazi.

Nirudi kwenye matobolwa, maana nimeyapita haraka na yana watetezi wakali. Ukweli ni kwamba ni matamu kuliko michembe, na sababu yake iko kwenye sufuria. Kiazi kikipashwa moto polepole, wanga wake hugeuzwa kuwa sukari kabla hakijaiva kabisa. Wajapani wanajua hilo. Katika mkoa wa Ibaraki huvukiza viazi vitamu, huvikata, huvikausha, na kuviita hoshi-imo, na unga mweupe unaojitokeza juu yake ni sukari hiyohiyo. Viko kwenye pakiti maridadi na bei yake si ya mchezo. Kule Teso, Uganda, wana amukeke, ambao mtu wa Kishapu akifumbwa macho angeula akidhani yuko kwao. Viazi hivi asili yake ni Amerika. Vimevuka bahari mpaka kwetu na mpaka Japani, na kila mahali kuna mwanamke aliyevitazama na kulitazama jua, akapata wazo lilelile.

Hata hivyo sisi huvionea haya. Nimekaa kwenye harusi za Kahama zenye vyakula vya aina kumi na mbili, mchembe haupo hata wa dawa, kwa kuwa eti ni chakula cha njaa. Ni kweli ni chakula cha njaa. Ndiyo maana wengi wetu tuko hai. Kuna lawama nyingine ambazo ni za haki zaidi. Michembe ya sokoni mara nyingi ina mchanga, na mchanga kwenye jino ni tusi. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, vikianikwa kwenye jua kali na kuwekwa miezi, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A ambayo ndiyo sifa yake, kwa hiyo hivyo afadhali vikaushwe kivulini na viliwe mapema. Bibi asingekubali kivuli. Tungegombana.

Na ile dhahabu ya Geita? Mgodi wa zamani wa huko ulichimbwa kuanzia mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Kati ya kufungwa na kufunguliwa kuna miaka 34. Sidhani kama ndani ya miaka hiyo kuna Juni hata moja iliyopita bila mawe ya Usukuma kuwa meupe kwa viazi.

Jiwe la bibi bado lipo. Mama huanika juu ya chandarua kilichozeeka ili kuzuia mchanga, na mbuzi wa sasa ni wajukuu wa wale. Kama una mtoto anayekuja likizo mwezi wa sita, nunua viazi kilo nne, vitakupa kilo moja kavu au zaidi kidogo. Viache vinyauke. Mpe kisu, kaa mbele yake na kisu chako, simu ibaki ndani. Siku ya nne mvunjie mchembe mmoja karibu na sikio.

Mbuzi mfunge kwanza.