Mshahara wa Mkurugenzi Mkuu Unapangwa na Nani?

Mkulima wa Mkuyuni, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, akishateremsha mkungu wake wa ndizi hadi barabarani, hapangi bei. Bei inapangwa na mwenye lori aliyetoka Morogoro mjini au Dar es Salaam. Na kwa kuwa ndizi ikiiva haimngoji mtu, mkulima hupokea anachopewa. Tulipozungumza na wakulima wa huko juu ya mishahara ya wakubwa wa mashirika na makampuni, hawakuanza kwa kuuliza wakubwa hao wanalipwa kiasi gani. Waliuliza: "Huyo mkubwa, bei yake anapangiwa na nani?" Twaona swali hili linaingia ndani ya jambo kuliko mengi yanayosemwa semina kwa semina, na ndilo tutakalolitumia kuhakiki hatua zilizochukuliwa na nchi yetu juu ya mishahara mikubwa.

Makada vijana na wanafunzi wanapaswa kukumbuka kwamba jambo hili lilianza nao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao. Lakini papo hapo aligeuka na kuutazama mshahara wake mwenyewe, Sh. 5,000 kwa mwezi, akaupunguza hadi Sh. 4,000. Miezi mitatu na siku chache baadaye likaja Azimio la Arusha, na kiongozi akakatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni na kupangisha nyumba. Kazi hiyo ilizaa matunda yanayopimika. Katika taarifa yake ya mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio, Mwalimu alieleza kwamba mwaka 1961 aliyelipwa juu kabisa katika utumishi wa umma alipata, baada ya kodi, kama mara 50 ya aliyelipwa chini kabisa. Kufika mwaka 1976 tofauti hiyo ilikuwa imeshuka hadi mara 9 hivi.

Sasa tuitazame hatua ya mwaka 2016, ambayo wengi wetu tuliishangilia. Mwishoni mwa Machi mwaka huo, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema kuwa wapo wakuu wa mashirika ya umma wanaolipwa hadi Sh. milioni 40 kwa mwezi, na kwamba asingekubali mtu alipwe zaidi ya milioni 15. Mwaka uliofuata aliutaja hadharani mshahara wake mwenyewe kuwa Sh. milioni 9. Haya yalikuwa maneno ya ujasiri, na hatuna nia ya kuyapunguzia heshima. Lakini kada hapimi hatua kwa makofi iliyopigiwa. Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati ule kilikuwa Sh. 300,000. Aliyepata milioni 40 alipata zaidi ya mara 130 ya mfagiaji wa ofisi yake. Na milioni 15 je? Ni mara 50 kamili.

Yaani dari lililotangazwa kama pigo kwa vigogo lilisimama mahali pale pale tulipouanzia Uhuru! Ni kweli kwamba hesabu ya 1961 ni ya baada ya kodi, na hii yetu ni ya kabla ya kodi; ukitoa kodi tofauti inapungua. Hata hivyo inabaki karibu na 1961 kuliko 1976. Twalitaja hili ili ionekane jinsi macho yetu yalivyokuwa yamezoea urefu wa mlima: tumepanda juu sana hata tukishuka nusu ya njia tunadhani tumefika bondeni.

Wanaotetea mishahara minono wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wanasema: mlibana mishahara miaka ya 1970, na mashirika yenu yakafa. Hapa Morogoro tunaoneshwa Kiwanda cha Viatu, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Kifo hicho ni cha kweli. Lakini kilikufa kwa sababu ya mshahara wa meneja? Jengo lake lilikuwa la kuta za bati la alumini, halipitishi hewa, katika joto la Morogoro. Mitambo na vipuri vyake vilitegemea fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Na soko lake lilikuwa ng'ambo, huku wananchi wa Mkuyuni wakipanda mlima pekupeku. Meneja angelipwa mara mia, kuta zile zisingepitisha hewa.

Na njia ya pili, ya kulipa sana ili kupata hodari, nayo tuliijaribu. Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, Net Group Solutions, na mameneja wake wakaingia makao makuu chini ya ulinzi wa polisi, maana wafanyakazi waliwakataa. Mkataba ulikwisha mwaka 2006, mwaka ambao nchi nzima iliingia katika mgao mkali wa umeme. Ukame haukuletwa na mameneja, nasi hatuwabambikii kosa hilo. Tunasema tu kwamba fedha nyingi hazikuleta miujiza iliyoahidiwa.

Kosa letu wenyewe liko kwingine, na lazima tulikiri. Ile tofauti ya mara 9 ilihesabu mshahara. Haikuhesabu nyumba ya shirika, gari na dereva wake, samani, safari na posho zake. Jina la "wabenzi" halikutungwa na mabeberu. Lilitungwa na wananchi waliokuwa wakipulizwa vumbi. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa 1971 ukamkataza kiongozi kiburi na ubadhirifu, hata wafanyakazi wakautumia kuwakabili mameneja wao katika migomo ya miaka iliyofuata. Lakini mabaraza yalikuwa ya kushauri tu. Hakuna baraza lililopewa kuamua meneja apate nini. Mshahara ulipunguzwa kwa amri kutoka juu. Na amri ya kutoka juu inaweza kufutwa kutoka juu. Ndivyo ilivyokuwa Zanzibar mwezi Februari 1991, masharti ya uongozi yalipolegezwa na wenyewe waliokuwa wakibanwa nayo. Mfanyakazi na mkulima hawakuwa na chombo mkononi cha kuzuia.

Hapo ndipo tunapokosoa pia dari la 2016. Lilikuwa neno la mtu mmoja, jema, lakini la mtu mmoja. Halikumwachia mwenye mali haki ya kuona. Na mwenye mali ya shirika la umma ni nani? Msajili wa Hazina anashika hisa kwa niaba ya wananchi, akiwemo yule mwenye mkungu wa ndizi.

Cha kuaibisha ni kwamba mabepari wametutangulia katika jambo hili. Marekani, ambako mkuu wa kampuni kubwa hupata mamia ya mara ya mfanyakazi wake, kampuni zilizo katika soko la hisa zimelazimika tangu 2018 kuchapisha tofauti hiyo kila mwaka. Uingereza ilifuata 2019 kwa kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250. Hawajaondoa unyonyaji kwa kufanya hivyo, wala hawakukusudia. Ila mfanyakazi wao anaijua namba. Kwetu, ripoti ya mwaka ya kampuni iliyo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huonesha jumla wanayolipwa viongozi wakuu wote, fungu moja.

Tunapendekeza ukurasa mmoja. Katika ripoti ya kila shirika la umma, na ya kila kampuni ambayo Serikali ina hisa, yaandikwe malipo ya mkuu wake kwa mwaka: mshahara, posho, nyumba, gari, kiinua mgongo, na kando yake malipo ya mtumishi wa chini kabisa. Ukurasa huo usomwe kwenye baraza la wafanyakazi kabla bodi haijaupitisha, na baraza liwe na haki ya kuukataa. Tutaambiwa kwamba hili litaleta husuda, na kwamba wataalamu watakimbilia makampuni binafsi. Huenda wachache wakaenda. Kwa makampuni hayo binafsi Chama hakiwezi kuamuru mshahara, lakini Serikali itoayo leseni za madini, mawasiliano na benki inaweza kudai ukurasa ule ule kama sharti la leseni.

Makada wanaotofautiana nasi, hasa walio Hazina na walio ndani ya bodi zenyewe, watuandikie. Tutawapa nafasi katika kurasa hizi.