Usipoziba Ufa: Tahakiki ya Programu za Kufuatilia Matengenezo ya Nyumba

Programu za kufuatilia matengenezo ya nyumba zimeongezeka. HomeZada ya Marekani, kwa mfano, humwezesha mwenye nyumba kuorodhesha mali, kupanga kazi na kukumbushwa siku ikifika. Makala haya yanahakiki lugha na mantiki ya programu za aina hiyo kwa kuzipima na nyumba za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi kisiwa cha Ibo.

Kasoro ya kwanza ni ya msamiati. Orodha zinazokuja na programu hizi hutaja vichujio vya hewa na mitambo ya kupasha nyumba joto. Nyumba ya miti na udongo haimo. Kazi zote huitwa "matengenezo", ilhali Kiswahili kinatofautisha: paa la makuti huezekwa, kiambaza cha udongo hukandikwa, ukuta wa mawe hutomewa na kupakwa chokaa. Anayeandika "matengenezo ya ukuta" hajamwambia fundi alete udongo au chokaa.

Kasoro ya pili ni ya wakati. Programu huhesabu miezi na kukumbusha kila baada ya mitatu au sita. Huku mvua kubwa hunyesha kati ya Disemba na Aprili, hivyo paa hushughulikiwa majira ya kusi, kukiwa kukavu. Kumkumbusha mtu mwezi Februari abadili makuti hakumfai kitu. Aidha, methali yetu ya ufa haianzi na tarehe, bali na jicho. Programu huuliza "lini?" kabla ya kuuliza "umeona nini?"

Hata hivyo, si haki kuzikataa moja kwa moja. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliharibu nyumba nyingi za Ibo. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na kuufikia mji wa Palma Machi 2021, yaliwahamisha maelfu ya watu. Anayerudi kwenye nyumba iliyokaa miaka bila mtu anahitaji kumbukumbu ya maandishi, hasa kama mzee aliyeijua nyumba hiyo hayupo tena.

Hivyo basi, anayeanza aanze na daftari, au lahajedwali tupu lenye safu tano: sehemu, dalili, kazi, msimu, gharama. Aizunguke nyumba akiandika anachokiona: "nguzo ya pembeni, mchwa, kubadili nguzo, kabla ya mvua", kisha bei. Kila sehemu aipe jina analolitumia fundi wake, liwe la Kiswahili au la Kimwani. Programu ya kulipia ifuate baadaye, iwapo inaruhusu kubadili orodha.

Kwetu sisi walimu na wanafunzi, kazi ipo. Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ilionyesha kwamba programu inaweza kuzungumza Kiswahili. Lakini kutafsiri menyu hakutoshi ikiwa nyumba inayozungumziwa si yetu. Twendeni kwa mafundi, tukusanye majina ya sehemu za nyumba wakiwa bado wapo wa kutufundisha.